Dagaa Wabichi Hawaendi Mbali

Leo tuache siasa kidogo, tuongee kompyuta.

Hapa Kigoma kila mtu anajua kwamba dagaa wabichi hawaendi mbali. Wanaofika Dar es Salaam, au wanaovuka ziwa kwenda Kongo na Burundi, ni wale walioanikwa wakakauka, wakafungwa kwenye magunia. Programu ya kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

Shangazi yangu anafanya biashara ya dagaa pale mwaloni Kibirizi. Wanunuzi wake wengi huchukua mzigo leo na kulipa baadaye, kwa hiyo daftari la madeni ndilo mtaji wenyewe. Nikamwandikia skripti ya Python yenye dirisha dogo la Tkinter: jina la mteja, kilo, bei na deni lililobaki. Akaiona kwenye kompyuta yangu, akafurahi, kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, ukiondoka nani atanifungulia?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko skripti yenyewe. Kompyuta yake ni ya zamani, ina Windows 7, haina Python wala intaneti. Hapo ndipo inapoingia PyInstaller. Kazi yake ni kuchukua skripti yako, Python yenyewe na maktaba zote zinazohitajika, ikavifunga pamoja kuwa kitu kimoja cha kubofya mara mbili. Amri ni fupi tu:

pyinstaller --onefile --windowed madeni.py

Hilo neno --windowed ndilo linalozuia lile dirisha jeusi lisijitokeze na kumtisha mtu.

Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, ukifungia kwenye Linux hupati faili la Windows; gunia hufungwa kule kule litakakofunguliwa. Pili, Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, hivyo nilitumia hiyo. Tatu, na hili ndilo kubwa: faili moja la namna hii hujifungua kwenye folda ya muda kila linapowashwa, na ukilifunga folda hiyo hufutwa. Ukihifadhi madeni humo, yamekwenda na maji! Ya shangazi nikayaelekeza kwenye folda yake ya nyaraka.

Tangu Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, ile iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunajua kwamba kompyuta inaweza kuongea Kiswahili. Vijana wengi tunaandika programu nzuri, zinabaki kwenye kompyuta zetu wenyewe. Anayezihitaji hana muda wa kujifunza amri; ana mzigo unaomsubiri mwaloni.

Shangazi nilimkabidhi faili lake kwenye fleshi. Wiki iliyofuata nikasikia jirani yake wa mwaloni naye anayo, na anaandikia madeni yake. Hakuna aliyeniomba ruhusa, wala aliyenipigia simu kuuliza inafunguliwaje. Nilifurahi mno.