Jina Moja kwa Miti Minane

Katika mwaka wangu wa kwanza wa chuo kikuu, mama alinipigia simu kuniuliza ninasoma nini hasa. Nikamjibu kwa majivuno kidogo: jiografia na sayansi ya mazingira. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mazingira ya wapi, mwanangu?" Nilicheka. Kwangu mimi mazingira yalikwisha kuwa somo lenye mihadhara, vitabu na mitihani, wala halikuhitaji kuwa la mahali popote. Ilinichukua miaka mitatu kutambua kwamba swali la mama lilikuwa bora kuliko jibu langu.

Nimezaliwa katika delta ya Rufiji, upande wa kaskazini, mahali ambapo mto unagawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala wa kisiwa cha Mafia. Hapo ndipo ulipo msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini Tanzania. Tulikuwa tukicheza ndani yake maji yanapokupwa na kukimbia yanapojaa. Hata hivyo, nilipoketi katika ukumbi wa mihadhara na kuona msitu huo umechorwa ubaoni, niliunakili kama mgeni. Niliandika kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha tuliyofundishiwa tangu sekondari: mimea inayohimili chumvi, mizizi inayopumua hewani, kanda za miti kutoka baharini kuelekea nchi kavu. Yote yalikuwa kweli. Lakini daftarini mwangu hamkuwa na neno hata moja ambalo ningeweza kumsomea mjomba wangu, aliyeishi kwa kukata boriti katika msitu uleule.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti mdogo. Nikachagua kijiji chetu. Mada ilikuwa kupungua kwa mikoko na uelewa wa wananchi kuhusu jambo hilo. Niliandaa hojaji kwa Kiingereza, nikaitafsiri mwenyewe, nikapita nyumba kwa nyumba kuwauliza watu 40. Swali kuu lilikuwa hili: "Je, mikoko imepungua katika eneo lenu?" Wengi walijibu bila kusita kwamba haikupungua. Miongoni mwa hao 40 alikuwamo mama yangu mzazi, na jibu lake halikutofautiana na la wenzake.

Niliporudi chuoni nililinganisha picha za setilaiti za miaka tofauti. Zilionyesha kinyume. Kandokando ya mikono ya mto, mahali penye msitu katika picha za zamani palikuwa na madoa meupe ya mashamba. Sababu ilijulikana vyema: katika sehemu ambazo maji baridi ya mto huisukuma chumvi, watu hufyeka msitu na kupanda mpunga, baada ya miaka kadhaa magugu huwashinda, nao husogea mbele na kufyeka tena.

Basi nikaandika sentensi ambayo hadi leo naikumbuka. Niliandika kwamba jamii haina uelewa wa kutosha kuhusu uharibifu unaotokea mbele ya macho yake. Pembeni nikaongeza uwezekano kwamba wamesema uongo kwa kuogopa sheria, kwa kuwa misitu hiyo ni hifadhi ya serikali na ukataji wake huhitaji kibali. Ama wajinga, ama waongo: ndivyo nilivyowaandika watu walionilea, kwa lugha ambayo wengi wao wasingeweza kuisoma na kunijibu.

Msimamizi wangu hakuikata sentensi ile. Aliandika chini yake swali moja tu: "Uliwauliza kwa neno gani?"

Nilirudi nyumbani wakati wa likizo, nikamwomba mjomba anipeleke msituni. Ilikuwa siku za bamvua, mwezi mpevu, na maji yalipojaa mtumbwi wetu uliingia hadi ndani kabisa. Nilimwuliza tena, mara hii nikinyoosha kidole: "Mjomba, mikoko hii haijapungua kweli?"

Akaniangalia kama anayeangalia mtoto aliyesahau jina la baba yake. "Mwanangu, mkoko ni huu," akasema, akishika mti wenye mizizi iliyopinda kama mbavu juu ya maji. "Huu umejaa tele. Uliniuliza mkoko, nikakujibu mkoko. Ule pale ni mchu, lamba jani lake." Nililamba, lilikuwa na chumvi. "Huu ni mkandaa, gome lake hutoa rangi. Ule ni msinzi. Ule wenye matunda kama mpira ni mkomafi. Mlilana umebaki kule nje, unatazamana na bahari. Kikandaa utakiona tukisogea nchi kavu. Ungeniuliza msikundazi, ningekupeleka mashambani nikakuonyeshe visiki vyake."

Nikahesabu kwa vidole. Miti minane. Ile ile niliyoikariri kwa majina ya Kilatini kwa ajili ya mtihani, kila mmoja ukiwa na jina lake, kazi yake na mahali pake. Mimi niliiweka yote chini ya jina moja, kwa kuwa Kiingereza cha darasani kilikuwa na neno moja la jumla, nami nikalitafutia mwenzake katika kamusi. Niliuliza kwa Kiswahili, lakini nilikuwa nimefikiri kwa Kiingereza.

Nilirudia hojaji, safari hii mti kwa mti. Majibu yaligeuka. Watu walinieleza msikundazi ulianza kutoweka wapi, mchu ukafuata vipi, na nani alikuwa wa kwanza kufyeka. Walijua chumvi hupanda hadi wapi wakati wa kiangazi, na hurudi hadi wapi masika mto unapofurika. Picha za setilaiti zilinionyesha kwamba msitu umepungua. Wao walinieleza ni msitu upi, kwa mpangilio gani na kwa sababu gani. Mama, nilipomwuliza upya, aliorodhesha mashamba manne kwa majina ya walioyalima, kisha akaniuliza, "Sasa mbona mara ya kwanza hukusema unachotaka?"

Sisemi kwamba neno "mikoko" ni kosa. Limezoeleka kwa maana ya jumla, nayo magazeti na vitabu hulitumia hivyo. Kwingineko pwani jina la jumla ni mikandaa. Wala sipingi istilahi mpya. Tunahitaji tabianchi, tunahitaji bayoanuwai, tunahitaji mfumoikolojia, na wanaoyaunda maneno hayo wanatufanyia kazi njema. Hofu yangu ni kwamba tunaharakisha kujenga ghorofa ilhali chumba cha chini hatujakiorodhesha. Wakataji wa pwani walizipanga nguzo za mikoko kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wavuvi hugawa mwezi kwa bamvua na maji mafu, na mwaka kwa kusi na kaskazi. Haya ni vipimo, si mapambo ya lugha. Washairi wetu wameyatumia kwa muda mrefu kama taswira, na pengine ndiyo sababu sisi tuliosoma sayansi tumeyadhania kuwa ya ushairi peke yake.

Mzee mmoja anapofariki bila ya kuulizwa, hatupotezi msamiati tu. Tunapoteza kumbukumbu ya mahali mti fulani ulipokuwa, ambayo hakuna picha ya setilaiti iliyowahi kuipiga. Kwa hiyo nawaomba wapenzi wa lugha mnaosoma hapa: mkienda nyumbani, ulizeni majina ya miti, ya mikondo na ya pepo, na andikeni na mahali mlipoyasikia.

Sentensi yangu ile niliifuta. Mahali pake niliandika kwamba hojaji ya kwanza ilishindwa kwa sababu mtafiti hakujua jina la alichokuwa akikitafuta. Mjomba alipoisikia kwa Kiswahili alicheka hadi machozi. Nami, ingawa si malenga, nilimtungia ubeti huu mmoja kuwa shukrani:

Mchu na mkoko pia, msinzi na mkandaa,
Wazee walitwambia, kila mti na mtaa,
Msomi nikapitia, jina moja likajaa,
Sasa nimezingatia, kuuliza si balaa.