Mlinzi wa Viatu

Mimi ni mama wa watoto watano, ninakaa Ndosho hapa Goma, na ninauza makala kando ya barabara ya Sake. Ninamwandikia mama ambaye mtoto wake amenyamaza nyumbani, na yeye hajui aanzie wapi. Mimi nimepita hapo.

Mtoto wangu wa tatu alipenda mpira kuliko chakula. Februari 2024, Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, walipofika nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, aliangalia mechi akiwa amesimama dirishani kwa jirani mwenye televisheni. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, kama bastola. Walikuwa wanaiambia dunia kwamba huku Mashariki watu wanauawa na yenyewe imenyamaza. Watu wazima walilia. Côte d'Ivoire walitufunga 1-0, lakini mtoto alirudi nyumbani akisema naye siku moja atavaa jezi ile. Alikuwa na miaka 12.

Baba yake mdogo akampeleka kwenye timu ya watoto ya mtaani. Uwanja wao ni mawe ya volkano yaliyosawazishwa kwa majembe. Ukianguka, goti linachanika. Alifanya mazoezi vakansi yote. Mechi zilipoanza, hakuingia. Mtu mmoja mwenye pesa alikuwa amemwahidi kocha mipira na jezi timu ikileta kombe, basi wenye nguvu walicheza tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Wengine walikaa juu ya mawe, wanalinda ndala za wenzao. Ni kweli ndala huibiwa. Lakini jioni moja nilimuuliza amecheza namna gani, akanijibu bila kuniangalia: "Mama, mie njo mulinzi wa bilato." Yaani yeye ndiye mlinzi wa viatu.

Sina kinyongo na yule kocha. Mipira ni pesa, na wazazi wa wale waliocheza walikuwa wanampigia makofi kila Jumamosi. Kombe walilipata. Picha ikapigwa. Mtoto wangu yumo, pembeni kabisa, ameshika mfuko wa viatu.

Shule ilipofunguliwa Septemba aliacha mazoezi. Halafu akaacha kucheka. Akaanza kushinda njiani na vijana wakubwa kuliko yeye. Aliyekuwa Goma mwaka ule anajua. Tarehe 3 Mei mabomu yalikuwa yameanguka kwenye kambi za wakimbizi upande wa Mugunga, wamama na watoto wakafa ndani ya mahema. Watu wenye silaha walipita mitaani mchana kweupe, na vijana wasio na kazi waliwafuata nyuma.

Jumapili moja ya Novemba hakurudi.

Saa moja ya usiku. Saa mbili. Nikatoka. Mvua inanyesha. Nikauliza wasukuma mizigo wa chukudu. Nikauliza mama anayeuza samaki wa sambaza. Hakuna aliyemwona. Nikaenda mpaka Mugunga kwa miguu. Risasi zikalia upande wa Sake. Nikarudi. Nilitaka kuomba. Maneno hayakuja. Nilisema "Mungu." Basi. "Mungu." Dada yangu akapiga magoti akaniombea kwa sauti. Wadogo walilala na nguo zao. Mlango tuliuacha wazi.

Alfajiri shemeji yangu, yule baba yake mdogo, alimpata. Alikuwa kwa wale watu wenye silaha, anawachotea maji. Hawakumshika kwa nguvu. Alikwenda mwenyewe. Shemeji aliongea nao taratibu, kwa heshima, hakupandisha sauti hata kidogo, mpaka wakamwachia. Nilipomuuliza mtoto kwa nini, alisema: "Kule walinipa kazi."

Neno hilo bado linaniamsha usiku.

Tulikaa kikao cha familia. Hakuna aliyempiga. Shemeji ndiye aliyepata timu nyingine, ya watoto wa kanisani, yenye kocha ambaye saa haitoki mkononi. Kwake kila mtoto aliyefika mazoezini anacheza walau nusu ya mechi. Anayetoka anaweza kuingia tena. Tangu 2017 sheria za mpira zinaruhusu mashirikisho kukubali hivyo kwa vijana, alitueleza sisi wazazi tuliodhani anabahatisha. Yeye pia anapenda kushinda, msifikiri hapendi. Kwenye mashindano, wote wakishapata zamu yao, dakika za mwisho anawapa walio bora. Hapo hata mimi ninapiga kelele.

Siku ya kwanza mtoto wangu aliwekwa kushoto. Mpira wa kwanza aliugusa ukatoka nje. Niliangalia chini. Kocha hakumtoa. Walifungwa 4-1, na yule mtoto alifika nyumbani mavumbi hadi kwenye kope, akaomba bugali mara ya pili.

Halafu vita vikaingia mjini. Tarehe 27 Januari 2025 tulikuwa tumelala chini, magodoro yameegemezwa dirishani. Umeme hakuna. Maji hakuna. Hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi mpaka wakalazwa nje. Nilikuwa ninahesabu watoto gizani kwa mkono, kichwa kwa kichwa. Yeye alikuwepo. Nilimshika sikio, nikalishikilia mpaka kukapambazuka. Wale aliowachotea maji sijui wako wapi.

Uwanja ulikaa mtupu muda mrefu. Watoto walirudi polepole. Wengine hawajarudi, familia zilivuka ziwa. Timu yetu haijaleta kombe lolote. Wazazi wawili waliwaondoa watoto wao hodari kwa sababu hiyo, na ninawaelewa. Mimi hadi leo ikifika saa kumi na mbili jioni ninasimama mlangoni, hata kama ninajua yuko mazoezini.

Mama unayesoma, kama wako ndiye mlinzi wa viatu, Jumamosi hii funga biashara kwa saa moja, nenda uwanjani, umuulize kocha kwa heshima: mwanangu ataingia dakika ya ngapi? Nenda na baba yake, au mjomba, usiende peke yako. Na wewe papa kocha, tafadhali, uwe na jibu.