Kisu cha Mfukoni na Matembezi ya Jumapili



Mkaazi wa Thornton Heath hahitaji gari ili apate kunusa nyasi. Treni itokayo stesheni yetu hupita Selhurst na kuingia East Croydon. Hapo hubadilishwa kwa treni ya Coulsdon South, na baada ya kupanda mlima kwa dakika chache mtu huwa amefika Farthing Downs. Ni mgongo mrefu wa ardhi ya chaki, wenye nyasi zinazolishwa ng'ombe na kondoo, na makaburi ya Wasaksoni wa karne ya 7 yaliyobaki kama vichuguu. Ukigeuka kaskazini, majumba marefu ya London yanaonekana kwa mbali. Jiji la London liliinunua ardhi hii mwaka 1883 ili isijengwe, na tangu mwaka 2019 imo katika hifadhi ya taifa ya viumbe na mimea. Kiingilio hakuna.

Jamaa zetu waendapo huko huchukua chakula cha kutosha arusi. Aghalabu ndani ya kikapu hutiwa pia kisu cha jikoni, kile kirefu cha kukatia nyama, kimeviringishwa katika kitambaa. Juu ya kisu hicho ndipo ninapotaka kusema.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 yakataza kubeba chombo chenye makali mahali pa watu wote pasipo sababu ya maana. Kisu kilichosamehewa ni kimoja tu: kisu cha mfukoni cha kukunja, ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Na mahakama zimekwisha kuamua, tangu miaka ya 1990, kwamba kisu chenye kikazio cha kuzuia ubapa usirudi hakihesabiwi kuwa cha kukunja, hata kingekuwa kidogo namna gani. Basi kile kisu chekundu cha Kiswisi, chenye urefu wa milimita 91 kikiwa kimefungwa, kimo ndani ya ruhusa. Lakini ndugu zake wa milimita 111 wengi wana kikazio, nao wamo nje. Opinel namba 8 ya Kifaransa, kisu kizuri kwa kweli, imeshindwa mara mbili: ubapa wake ni sentimita 8.5 na ina pete ya kukazia. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 4.

Mtu atasema kwamba chakula cha porini ni sababu ya maana. Yaweza kuwa hivyo. Lakini mzigo wa kuithibitisha uko juu ya mwenye kisu, na kikapu hicho hicho hurudi usiku, chakula kimekwisha, kimebebwa na kijana wa miaka 16 anayetangulia mbele na wenzake. (Wenye majambia ya arusi wajue kuwa sheria imelitaja vazi la taifa miongoni mwa sababu, hata hivyo, arusi ikiisha, jambia lirudi sandukuni.)

Si jambo la mzaha katika mitaa yetu. Mwezi wa Septemba 2023, katikati ya Croydon, msichana wa miaka 15 aliuawa kwa kisu asubuhi akienda shule. Tangu hapo wazazi huogopa mambo mawili kwa pamoja: mtoto kuchomwa, na mtoto kukutwa na kisu. Hofu ya kwanza ndiyo izaayo ya pili, kwa kuwa vijana husema wanabeba ili wajilinde. Waambieni wazi watoto wenu: hata kisu kilicho halali kwa kipimo hugeuka silaha kwa nia, na mwenye kumjibu askari kwamba amekibeba kwa kujilinda amekwisha kuitaja nia hiyo kwa kinywa chake. Umri wa kushtakiwa nchini humu huanza miaka 10.

Kwa rai yangu, basi, kisu kiwe kimoja, kidogo, na kikae mfukoni mwa mtu mzima. Chatosha. Nanasi na nyama za mishkaki hukatwa nyumbani na kutiwa bakulini. Chapati haijapata kuhitaji kisu. Kazi inayobaki ni ya matunda. Embe hukatwa mashavu mawili kando ya kokwa, kisha nyama yake huchorwa miraba bila kutoboa ganda, na ubapa wa sentimita 6 wafika kila mahali. Chungwa lamenywe kama wafanyavyo wauzaji wa Dar es Salaam na Mombasa, ganda likishuka utepe mmoja mrefu, kisha likatwe kichwa na kufyonzwa. Watoto waliozaliwa hapa hustaajabia utepe huo kuliko chungwa lenyewe.

Kwa kuwa ubapa haukazwi, ncha isisukumwe wala kuchomwa kitu kigumu: hujifunga juu ya vidole. Kata kwa kuvuta, si kwa kudidimiza. Maji ya embe na ya ndimu hula chuma, kwa hiyo kisu kifutwe papo hapo, na nyumbani kioshwe, kikaushwe na kutiwa tone la mafuta ya kupikia kwenye kiungo. Matawi ya Farthing Downs hayakatwi, na moto hauwashwi. Matunda meusi ya miibani, yanayoiva mwishoni mwa Agosti, huchumwa kwa vidole.

Jambo moja la mwisho. Mkoba wa Jumapili mara nyingi ndio mkoba wa shule wa Jumatatu. Kabla ya watoto kulala, umwagwe wote juu ya meza, pamoja na vile vifuko vya pembeni, na kisu kihesabiwe kabla ya vikombe.