Mwanafunzi wa Fundi Viatu

Katika lugha yetu ya Kiswahili mtoto aendaye shule huitwa mwanafunzi, na wale waliomfuata Yesu wa Nazareti huitwa wanafunzi vilevile. Neno ni moja, nasi walimu tumelizoea kiasi cha kutouliza kama mambo yenyewe nayo ni mamoja. Mimi niliamini kuwa ni mamoja. Aliyenitoa katika kosa hilo hakuwa padri wala profesa, bali fundi viatu wa Tandika, wilayani Temeke.

Sisemi haya ili kumvuta msomaji katika dini yangu. Nchi yetu haina dini rasmi, na katika mtaa ninaousimulia, waliosali Ijumaa na waliosali Jumapili walichota maji katika bomba moja. Nasema kwa sababu namna watu wa kawaida wanavyorithishana imani ni sehemu ya utamaduni wa taifa, kama zilivyo ngoma, jando na hadithi za bibi zetu. Lakini historia ya dini inapoandikwa, mara nyingi hujaa majina ya maaskofu na wamisionari, wakasahauliwa waliolichukua neno nyumba hadi nyumba.

Watu hao wamekuwapo tangu mwanzo. Wamisionari Wakatoliki walijenga misheni Bagamoyo mwaka 1868, lakini huko bara waliokaa na wananchi usiku na mchana walikuwa makatekista. Mmoja wao alikuwa Adrian Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga huko Malta, kisha akaletwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Hapo alitibu na kufundisha hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa Walutheri wa Bukoba, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulienezwa na waumini waliosimama mbele ya majirani zao na kuyataja makosa yao wenyewe. Katika uamsho huo alikulia kiimani Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika hapa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani. Nao maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya miaka ya 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, yaani majirani wachache wakutanao nyumbani kwa mmoja wao. Kwa Watanzania jambo hilo halikuwa geni sana, maana tulikwisha zoea mabalozi wa nyumba kumi kumi.

Jumuiya hizo zilikuja wakati wake. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wao walitoka bara, wakafikia pembezoni mwa mji, mahali ambapo hawakuwa na ukoo wala wazee wa kuwaonya. Kanisa lenyewe lilikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni jirani.

Mimi nilihamia Tandika mwaka 1981, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili. Mke wangu nami tulipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, mali ya bibi mmoja wa Kizaramo, Mwislamu. Kila Alhamisi jioni jumuiya yetu ilikutana, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Tulikaa mikekani, tukaimba, ikasomwa Injili ya Jumapili iliyofuata, tukanyamaza kidogo, kisha kila mwenye neno akalisema. Mwisho zilitolewa habari: nani mgonjwa, nani kafiwa, nani kaachishwa kazi, na nani ataenda kumwona.

Mwenyekiti wetu alikuwa fundi viatu aliyefanya kazi chini ya mwembe karibu na kituo cha mabasi. Alijua kusoma kwa juhudi za kisomo cha watu wazima katika miaka ya 1970, naye alikuwa mtu mzima kweli wakati huo. Alisoma Injili akiburuta kidole chini ya kila neno, na neno refu alilivunja vipande kama mtu avunjaye kuni.

Jioni moja alitamka neno vibaya. Mimi, kwa mazoea ya darasani, nikasema kwa sauti, "Siyo hivyo, Mzee," nikalitamka sawasawa. Akainua macho, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaendelea. Alhamisi iliyofuata alinipa kitabu, akasema, "Soma wewe, Mwalimu."

Nilifurahi. Nilisoma vizuri, kisha nikafafanua vizuri zaidi. Nilieleza maana ya maneno, nikaeleza desturi za Wayahudi, nikatoa mifano. Watu walikaa kimya, mikono imefumbatwa, kama watoto wa darasa la kwanza. Nikiuliza kama kuna swali, hapana aliyejibu. Tulikuwa watu wapatao ishirini. Baada ya miezi michache tukabaki saba. Moyoni nikasema kwamba watu wa mitaa hii hawapendi elimu.

Masika ya mwaka 1982, mtoto wetu wa kwanza, mwenye miezi minane, alishikwa na homa. Siku ya tatu alfajiri akafariki.

Fundi viatu alifika kabla jua halijapanda. Hakusema maneno mengi. Aliwatuma vijana kupeleka habari, akaenda mwenyewe kutafuta majembe. Mwenye nyumba alifungua ukumbi, akatandika mikeka yake yote. Kaburi likachimbwa na majirani wa dini zote mbili. Sukari ilikuwa adimu siku zile, watu waliipangia foleni. Hata hivyo akina mama walikuja mmoja mmoja na robo kilo iliyofungwa katika karatasi, wakaiweka jikoni pasipo kutaja jina.

Usiku wa tatu jumuiya ilikutana kwetu. Waliokwisha kutoweka walirudi wote. Nikapewa kitabu kama kawaida, nikakifungua, lakini sauti haikutoka. Mzee akakichukua taratibu mikononi mwangu. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma neno moja baada ya jingine. Alikosea mara mbili. Nakumbuka hadi leo ni wapi. Hakuna aliyemsahihisha. Alipomaliza, mama mmoja muuza vitumbua, ambaye tangu nishike kitabu hakuwahi kufungua kinywa, akamtazama mke wangu, akasema, "Mwanangu, mimi nimezika watatu." Akaanza kusimulia. Baada yake akasema mwingine, na mwingine tena, mpaka taa ya chemli ikaishiwa mafuta. Usiku ule ndipo nilipofahamu kuwa darasa nililolidhania bubu lilikuwa limejaa walimu.

Baadaye nilimfuata mzee chini ya mwembe, nikamwomba radhi. Alikuwa akishona soli, wala hakuacha kushona.

"Mwalimu," alisema, "wewe ulikosea jambo moja. Ulidhani twaja kusikiliza. Sisi twaja kusemezana."

Kisha akanipa kazi. Kulikuwa na kijana mwanafunzi wa ufundi wa magari aliyeomba kubatizwa. Nikadhani nimepata darasa, nikamwuliza mzee nianzie sura ipi.

"Usimpe daftari bado. Kafuatane naye kwanza. Akuone unavyoishi, nawe umwone."

"Mpaka lini, Mzee?"

"Mpaka siku atakayokukosoa."

Basi nikawa nakwenda gereji siku za Jumamosi, nikimshikia kijana spana huku tukizungumza. Tulisoma, ndiyo, lakini tulisoma baada ya kazi, pamoja na yaliyotupata siku hiyo. Nilifundishwa kuvua shati langu jeupe kabla ya kuingia chini ya gari. Miezi ikapita, ukapita mwaka. Siku moja yule kijana akaniambia, kwa heshima na bila woga, "Mwalimu, jana ulipita mlangoni kwa mama wa vitumbua, na unajua ni mgonjwa. Hukumjulia hali." Niliona haya. Nilikwenda kwa yule mama, na nilipotoka huko nikaenda kumweleza mzee. Alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Sasa yu tayari," alisema. Kijana akabatizwa Pasaka iliyofuata.

Sidai kwamba jumuiya hizi hazina kasoro. Zipo ambazo mtu huulizwa mchango kabla ya kuulizwa hali, na zipo ambazo msomi mmoja amewanyamazisha wengine wote, kama nilivyofanya mimi. Mkusanyiko wa majirani ni kama moto wa kuni: vijinga vikitengana, kila kimoja huzima peke yake.

Lakini nawaambia walimu wenzangu, na nyinyi vijana mtakaokuwa walimu kesho: kumsahihisha mtu ni kazi yetu, tena ni kazi ya heshima. Hata hivyo, yuko mwanafunzi wa kusikia na yuko mwanafunzi wa kufuata. Wa kwanza twaweza kumpata kwa ubao na chaki. Wa pili hapatikani mpaka mwalimu naye akubali kutazamwa, na siku moja akubali kukosolewa.

Fundi viatu alikwisha fariki, na mwembe wake ulikatwa, pakajengwa maduka. Yule kijana wa gereji, ambaye sasa ana mvi, huongoza jumuiya huko Mbagala. Nilipomtembelea nilikuta akimpa kitabu binti mmoja mfanyakazi wa nyumbani, aliyesoma kwa kusitasita na kukwama njiani. Watu wote walingoja. Nami nilingoja pamoja nao, mpaka akalipata neno mwenyewe.