Tulikuwa Tunakaa Wapi

Binti wa kaka yangu amehamia nyumba ya kupanga Goba, vyumba viwili na sebule, na tangu ahamie hana mazungumzo mengine ila sebule hiyo. Ananitumia picha za makochi, picha za mapazia, picha za taa zinazobadilika rangi, na kila picha inakuja na swali lake: Shangazi, hii itapendeza? Katika kumweleza kwamba sisi hatukulelewa sebuleni, nikamchorea nyumba tuliyozaliwa mimi na baba yake, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Akautazama mchoro, akahesabu vyumba, akarudia kuhesabu.

"Sasa Shangazi, kama hakukuwa na sebule, mlikuwa mnakaa wapi?"

Ningempeleka akaone kwa macho yake, lakini nyumba imeshabomolewa. Warithi tulielewana bei, tukagawana, na sasa pale pana shimo la msingi wa ghorofa, limezungushiwa mabati. Sina uso wa kulalamika sana, maana mgao wangu niliupokea na nikauhesabu. Lakini swali la mtoto limenikaa rohoni. Jibu lake ni refu, na waliobaki wa kulieleza si wengi.

Tulikuwa tunakaa kwa kufuata kivuli. Nyumba yetu ilitazama magharibi, kwa hiyo asubuhi baraza lilikuwa na kivuli, na mpaka adhuhuri hapo ndipo palikuwa pa kukaa: babu na tasbihi yake, bibi na ungo wa mchele, watoto wakitumwa dukani na kurudi. Baraza lenyewe lilikuwa la saruji, limesuguliwa na makalio ya watu miaka nenda miaka rudi mpaka likawa linateleza, na ukilikalia mapema ulikuta bado lina ubaridi wa usiku. Jua likishavuka utosi, baraza linaanza kuunguza, watu wanaingia koridoni. Mlango wa mbele wazi, mlango wa uani wazi, yote miwili mstari mmoja, na upepo wa baharini ukiingilia uani unatokea mbele, hakuna wa kuuzuia isipokuwa sisi tuliojilaza kwenye mkeka. Alasiri kivuli cha nyumba kinaangukia uani. Wanawake wanahamia huko na vigoda vyao, mbuzi za nazi, na habari za watu. Baada ya Magharibi baraza limeshapoa, wanaume wanatoka na bao, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, kashata anazo. Hakuna aliyetupangia. Nyumba ilikuwa na saa zake, nasi tulizifuata kama kuku wanavyojua wakati wa kurudi bandani.

Vyumba vilikuwa vya kulala, kuvaa, kuumwa na kugombana. Mtu aliyekutwa chumbani saa nane mchana aliulizwa anaumwa nini.

Ndiyo maana chombo cha thamani kwetu hakikuwa kiti wala kabati, kilikuwa mkeka. Mikeka tulinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na soko, kabla soko kubwa halijajengwa. Soko hilo alilichora Beda Amuli, likafunguliwa 1975, hapo sina shaka. Mzee wa mikeka alihama kabla ya ujenzi au katikati yake. Dada yangu anasema hivi, mimi nasema vile, na haidhuru. Kibanda kilikuwa na giza, mikeka imeviringishwa na kusimamishwa ukutani, na harufu ya ukindu ilikupokea kabla hujamwona mwenyewe: harufu ya majani makavu, na nyuma yake kitu kikali kidogo, rangi iliyochemshwa. Mpaka leo nikiikuta harufu ile popote, hata kwenye maduka ya kuuzia watalii vikapu, nasimama.

Mzee hakuwa na haraka ya kuuza. Ukimwambia unataka mkeka, yeye anakuuliza wa nani. Wa wageni? Wa mgonjwa? Wa kulia chakula? Kila mmoja alikuwa na wake, na huyo huyo akija kesho na haja nyingine atapewa mwingine. Akishajua, anautoa, anaukunjua, kisha anaupindua, kwa sababu upande wa juu kila mkeka ni mzuri. Anapitisha kidole kwenye mshono, ukili hadi ukili, bila kusema kitu. Ukili ukiwa mwembamba, mishono ni mingi na msusi alikuwa na subira. Ukili ukiwa mpana, mkeka ulishonwa haraka na utachakaa haraka, na hilo alikwambia wazi hata kama ndio mkeka wa mwisho dukani.

Nilikuwepo mama alipokwenda kutafuta mkeka wa kumlaza mdogo wetu, ambaye ndiye baba yake huyu mwenye sebule. Mama aliushika mmoja wenye mistari ya zambarau na kijani, akaukumbatia kabisa. Mzee akaunyakua mikononi mwake.

"Huu si wa mtoto mchanga, mwanangu. Akikojoa, rangi inatoka, utamkuta zambarau mgongo mzima. Chukua mweupe."

Mama akabisha. Mzee akalowesha kidole gumba kwa mate, akakisugua kwenye mstari wa zambarau, akamnyooshea akione. Hakusema neno lingine. Tukarudi na mweupe, na usia wake: usiukunje, uviringishe, kwa sababu ukindu ukishavunjika haushoneki, usiufue, upanguse, usiuache juani mchana kutwa. Mkeka ule ulilaza watoto watatu. Ule wa zambarau mama aliurudia Mfunguo Mosi, ukawa wa wageni, na wageni wazima hawana shida ya rangi.

Halafu kulikuwa na udi. Watu wanadhani udi ni mambo ya harusi, au mambo ya kuwavutia waume, kama wanavyouza siku hizi kwenye vichupa. Kwetu ulikuwa kazi ya kila siku, sawa na kufagia. Chakula kikishaliwa, nyumba ilinuka moshi wa mkaa, samaki wa kukaanga, na mafuta ya nazi. Mama anachukua vijikaa viwili vitatu vilivyobaki kwenye jiko, anavitia kwenye chetezo, anangoja vishike majivu juu, maana ukitia udi kwenye kaa jekundu unaungua na kunuka vibaya. Kisha anaanza kutembea: chumbani, nyuma ya mlango, chini ya kitanda, koridoni kwa urefu wake wote, hatua zake za polepole na khanga imeshikwa mkono mmoja isikamate moto. Wapangaji walifungua milango yao ili na wao wapate. Kuna mpangaji mmoja, fundi cherehani, Mkristo wa huko Songea, alikuwa akichelewa kulala makusudi mpaka chetezo kipite. Alhamisi usiku ulikuwa ubani, na hapo tulinyamazishwa.

Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Kunguni walikuwepo, na mkeka wenyewe ndio ulikuwa hoteli yao. Kila baada ya muda vitanda vilitolewa uani vikamwagiwa maji ya moto, na aibu ilikuwa ya nyumba nzima. Choo kilikuwa kimoja kwa watu wa vyumba sita na banda la uani. Bili ya umeme ilikuwa moja pia, na mwisho wa mwezi fundi cherehani na mwenye pasi walikuwa hawasemezani. Faragha haikuwepo, mke na mume wakinuniana, uani walijua kabla ya wenyewe. Vijana wanaoona picha za nyumba za kale na kusema "raha iliyoje" wangepata usiku mmoja tu wa masika chini ya bati lile, ndoo tatu zikikinga matone, wangeomba kurudishwa Goba.

Lakini pa kukaa palikuwepo.

Kilichokuja kutuvuruga ni seti ya makochi. Baba aliiagiza kwa mafundi wa Keko, mbao ya mninga, mito ya sponji iliyovikwa kitambaa cha kahawia: moja la watu watatu, mawili ya mtu mmoja mmoja, na meza ya kati. Ilikuja juu ya mkokoteni, mtaa mzima ukishuhudia. Chumba cha mbele kushoto, walimokuwa wanalala kaka zangu wakubwa, kikahamwa; wao wakapelekwa banda la uani. Na tangu siku ile tukawa na chumba kizima, chenye dirisha la mbele na upepo mzuri kuliko vyote, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Ufunguo uliishi kwenye pindo la khanga ya mama.

Baada ya makochi vikafuata vitambaa. Cha mgongoni, vya mikononi, cha meza, cha redio, kila kimoja kimefumwa kwa sindano, maua na tausi, na kutiwa wanga mpaka kikasimama chenyewe. Wanawake wa mtaa walishindana. Miaka ile ya foleni, uzi ulipoadimika, walifumua vitambaa vya zamani ili wafume vipya, na kuna tausi mmoja wa mama alipita makochi ya nyumba tatu akibadilishwa umbo tu. Na nani aliyekuja kukaa? Washenga. Mjumbe wa nyumba kumi akija na daftari lake. Wageni tuliowapenda hawakuingia humo hata siku moja. Walipiga hodi huku wameshafika uani, wakavuta kigoda wenyewe.

Televisheni ilipoanza Bara, 1994 (Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, na hawakuchoka kutukumbusha), mlango ule ukafunguliwa hatimaye. Mtaa ukajaa chumbani, watoto chini, wakubwa kwenye makochi, vitambaa vikaanguka nyuma na hakuna aliyeviokota. Bao likawa linangoja taarifa ya habari iishe. Kisha kila nyumba ikanunua yake, na milango ikafungwa tena.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Baba alifariki. Mtu akaja na pendekezo la fremu: vunja ukuta wa mbele, vyumba viwili vifungue barabarani, kodi ya fremu moja inazidi ya wapangaji wote wa ndani. Alisema kweli. Baraza likamezwa na fremu, mbele pakawekwa marobota ya vitambaa, korido ikawa stoo, upepo ukakoma. Wapangaji wakaondoka mmoja mmoja. Mama tukamhamishia kwangu Tabata, akawa ananiuliza kila jioni mbona nyumba hii haina pa kukaa, na mimi namwonyesha kochi. Yaliyofuata ni ya mawakili.

Sasa nimwendee mwenye sebule. Nilimtembelea Jumapili mchana. Kapeti la manyoya, la kijivu, kwenye mji wenye joto na vumbi la Dar es Salaam. Kochi la umbo la L lililoziba nusu ya mlango wa kutokea nyuma. Madirisha ya alminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua yote, nusu inabaki imefungwa. Ni nani aliyewashawishi mafundi wa nchi hii kwamba dirisha ni kioo na si tundu la upepo, sijui, lakini amefanikiwa. Dari ya jipsamu imeshushwa chini ili taa zikae vizuri, na pangaboi limeondolewa kwa sababu linaharibu sura. Kiyoyozi kipo, hakiwashwi, Luku inakimbia.

Na sebuleni hakukuwa na mtu. Mumewe alikuwa nje, kwenye kiti cha plastiki, amejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, anazungumza na bodaboda aliyeleta mkaa. Watoto walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, unapopita upepo. Mwenyewe alikuwa chini sakafuni, kwenye marumaru tupu, amenyoosha miguu, anachambua mboga. Nikamwambia: mwanangu, uliniuliza tulikuwa tunakaa wapi. Hapo hapo ulipokaa.

Akacheka, akadhani namtania. Kisha akaniuliza kama zile taa azifunge za buluu au za zambarau.

Kochi atalisogeza, nimemlazimisha, na mlango wa nyuma sasa unafunguka wote. Kapeti nimemshauri alirudishe dukani maadamu risiti anayo. Mkeka nitamtafutia mimi, mweupe, ukili mwembamba. Wenye viwanja ambao bado hamjaanza kujenga, ombi langu ni moja: kabla ya kuzungumza na fundi wa jipsamu, mwambieni mwashi aache mlango wa nyuma ukabiliane na wa mbele, na mbele aweke kibaraza cha kukalia watu wanne. Taa mtachagua baadaye.