Kutoka Mambrui Hadi Mvita na Pikipiki Yenye Dhamana



Mji wa Mambrui uko kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki, umeikabili bahari. Ni mji wa kale. Lingaliko huko kaburi la nguzo, sehemu yake imeanguka, ambalo wazee wetu walilipamba kwa bakuli za Kichina. Bakuli hizo ni ushahidi kwamba watu wa pwani hii hawakuanza jana kununua vitu vilivyotengenezwa mbali. Tofauti ni kwamba zamani mnunuzi alimjua aliyemuuzia. Nahodha aliyekuja na kaskazi akauza chombo kibovu alijua kuwa mwaka ujao atatia nanga bandari ile ile, na watu watamngoja ufuoni na chombo chao mikononi. Leo mtengenezaji hatumjui, wala hatatia nanga kwetu. Badala ya uso wake tumepewa kijitabu kidogo kinachoitwa dhamana, au waranti kama wasemavyo vijana. Makala haya yahusu kijitabu hicho, na njia ya kiasi cha kilomita 130 iliyotubidi kuisafiri ili maneno yaliyomo yatimizwe.

Kwa watu wa Mambrui pikipiki si anasa. Ndiyo imchukuayo mama mjamzito usiku hadi Malindi, ndiyo iwapelekao wafanyakazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, na ndiyo ifikishayo maandazi dukani kabla ya jua kuchomoza. Jirani yetu mmoja, mama aliyefiwa na mume na kuachiwa watoto wanne, alipogaiwa mirathi alipata thumni yake, kama Sharia inavyompa mke mwenye watoto. Akaiongeza kwa mkopo usio na riba kutoka chama cha akina mama wa mtaa, akanunua pikipiki mpya ya injini ya 150 cc. Mwanawe mkubwa, kijana mwenye leseni, akaanza kubeba abiria. Kila Ijumaa mama alipeleka chamani shilingi 2,500, na kilichobaki kilikuwa chakula na karo.

Wiki ya saba mambo yaligeuka. Magharibi ikiingia taa ya mbele ilififia kama kandili iliyoishiwa mafuta. Kitufe cha kuwashia kikawa hakifanyi kazi, kisha hata kwa kiki injini ikawa inawaka kwa shida. Pamoja na hayo, mafuta ya injini yakaanza kuvuja kidogo kidogo pale silinda inapokutana na kichwa chake, yakishika vumbi na kufanya utando mweusi.

Fundi wa mji wetu alifanya jambo ambalo napenda kila msomaji alikumbuke. Aliiangalia pikipiki ile, lakini hakufungua nati hata moja. Alitia kipimo chake cha umeme kwenye betri injini ikinguruma. Betri ya namna ile ikichajiwa barabara husoma baina ya volti 13.5 na 14.5, hii ilisoma 12 tu, na haikupanda injini ilipoongezwa mwendo. "Maana yake haichajiwi," akasema. "Naweza kuifungua, Maalim, lakini nikishaifungua mimi, wenyewe watasema mimi ndiye niliyeiharibu. Ipelekeni walikoiuza." Akaandika kipimo kile na tarehe kwenye karatasi, asitake hata senti. Mama akaniomba nifuatane nao, kwani kijitabu kilikuwa cha maandishi madogo na hakikuwa cha Kiswahili.

*Njiani*

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri kwa pikapu iliyokuwa ikipeleka madafu mjini, pikipiki imefungwa kamba nyuma. Mvua za bara zilikuwa zimenyesha, na Sabaki ulikuwa mwekundu kama udongo wa ukuta, ukiitia rangi bahari mpaka mbele ya Malindi. Tulipita Gede, penye magofu ya mji uliohamwa na wenyewe, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke ukawa kuliani kwetu kwa mwendo mrefu. Tulivuka hori la Kilifi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Wazee wenzangu wanakumbuka kivuko kilichokuwa hapo kabla yake, na saa za kungoja. Mbele yake ni Vipingo na safu za katani, kisha Mtwapa, na msongamano ukaanza.

Njia nzima kijana hakuwa na raha. Tulipofika Mtwapa ndipo aliponena. Mwezi uliopita alikuwa ametia kifaa cha kuchajia simu kwenye usukani, na mamake hakujua. Usiku uliotangulia wenzake wa stendi walimshauri akiondoe, azibe alama kwa utepe mweusi, asiseme kitu. Maana kijitabu kinasema nyongeza yoyote ya umeme yaweza kuivunja dhamana. Alikuwa hajakiondoa. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akamwambia, "Basi utasema mwenyewe, mwanangu, kabla hujaulizwa."

*Gerejini*

Aliyetupokea kwenye gereji ya wauzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alitazama kijitabu, akaona muhuri wa sevisi ya kwanza ya kilomita 500 na ule wa pili, akaridhika. Kisha kijana wetu akasema habari ya kile kifaa. Karani akafunga kijitabu. Dhamana imevunjika, alisema. Pikipiki itatengenezwa, lakini kwa gharama ya mwenyewe, na alipotaja gharama hiyo nilimwona mama akishika ukingo wa meza.

Niliomba jambo moja tu: kabla ya hukumu, ubovu wenyewe uchunguzwe. Kijitabu, nilivyokisoma, hakikusema kwamba nyongeza huivunja dhamana yote. Kilisema haugharimiwi ubovu *uliosababishwa* na nyongeza. Hayo ni mambo mawili. Karani alisita, akamwita fundi mkuu, mtu mzima mwenye mvi na mikono myeusi ya mafuta.

Fundi yule aliondoa kiti, akafuata waya mmoja baada ya mwingine. Kifaa cha simu kilikuwa kimefungwa moja kwa moja kwenye betri, tena kwa fyuzi yake ndogo, hakikugusa waya za pikipiki. Akaendelea hadi kwenye rektifaya, kile kifaa kinachogeuza na kupima umeme utokao kwenye injini kabla haujaingia betrini. Hapo akatuita sote. Soketi ya waya wake ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Pini moja haikuingia mpaka mwisho tangu ilipounganishwa. Mguso ukawa hafifu, mahali pale pakapata moto siku baada ya siku, plastiki ikayeyuka na rektifaya ikafa. Akamwambia karani mbele yetu, "Hili si la kijana. Hili limekuja nalo kutoka kiwandani."

Mtu huyo angeweza kunyamaza. Sisi tusingejua, na mwajiri wake angefaidika. Mtume wetu, swala na salamu za Allah zimshukie, ametufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya, baraka huondolewa. Siku ile nililiona fundisho hilo kwa macho: kijana amebainisha la kumdhuru, na fundi amebainisha la kumgharimu bwana wake.

Hata hivyo, rektifaya na soketi yake hazikuwapo Mombasa. Sharti zitoke Nairobi. Tuliambiwa siku nane. Nilikuwa nikitayarisha maneno marefu juu ya haki za mnunuzi, lakini mama alinitangulia kwa swali fupi: "Dhamana yangu inahesabiwa kwa miezi. Siku nane hizi pikipiki iko kwenu, haiko kwangu. Mtaziandika wapi?" Karani hakuwa na jibu. Meneja alipoletewa swali lile alicheka kidogo, si kwa dharau, akaandika kwenye kijitabu kwamba muda wa dhamana umesogezwa mbele kwa siku nane, akatia sahihi na muhuri. Fidia ya kazi iliyopotea hakuikubali. Alisema masharti hayaruhusu.

Siku ya tisa kijana alirejea kuichukua. Betri ilisoma volti 14.1. Gasketi ya kichwa cha silinda ilikuwa imebadilishwa pia, lakini baada ya wiki mbili mafuta yakavuja tena, ikawa safari nyingine. Safari hii haikuwa na mabishano, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Ilionekana bolti za kichwa hazikukazwa sawasawa kwa kipimo chake. Sasa ni kavu, alhamdulillah.

*Sharia na sheria*

Mafakihi wetu wamelijadili jambo hili tangu karne nyingi kabla ya pikipiki. Mnunuzi akikuta katika alichonunua aibu iliyokuwapo kabla hajakipokea, inayopunguza thamani au kuharibu lengo la kununua, ana khiyari: akirudishe, au aridhike nacho. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, haki hii hutakiwa itumiwe mara aibu inapojulikana. Anayeendelea kukitumia kitu hali anaijua aibu yake amehesabiwa kuwa ameridhika. Hekima yake ni wazi: mtu asitumie mali mwaka mzima kisha aseme ilikuwa mbovu.

Sheria za nchi nazo haziko mbali na hapo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo ya kutosha, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako mtu aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili. Haya nayataja ili yajulikane, si kwa kuchochea ugomvi. Sulhu ni bora, lakini anayejua haki yake husuluhishwa kwa heshima zaidi.

*Kwa mama zetu wanaonunua*

Akina mama wengi siku hizi ndio watoao fedha za pikipiki, na wana au waume ndio wanaopanda. Basi kijitabu kikae kwa mwenye fedha. Kabla hujalipa, kisomwe chote, na usipojua lugha yake, tafuta akusomee mtu unayemwamini. Uliza mambo haya: dhamana ni ya miezi mingapi na kilomita ngapi, kwa maana kitakachotangulia kuisha ndicho kinachomaliza dhamana, betri ina muda wake peke yake au la, na gereji iliyo karibu iko wapi. Fahamu kwamba vitu viliwavyo kwa matumizi, kama breki, tairi, mnyororo, balbu na sahani za klachi, kwa kawaida havimo.

Pikipiki ikifika nyumbani, sevisi ya kwanza isikose hata kwa siku moja, na muhuri upigwe. Katika kilomita za mwanzo injini isikimbizwe wala kulemezwa mizigo. Mnyororo, nati na njiti za magurudumu hulegea katika wiki za kwanza. Zitazamwe mara kwa mara. Sisi tulio kando ya bahari tuna adui mwingine, chumvi ya hewa, ambayo hula soketi za waya na bolti. Kwa hiyo ioshwe kwa maji matamu na ilazwe chini ya paa.

Na ubovu ukitokea, isimamisheni. Andikeni tarehe, kilomita zilizosomwa na dalili mlizoziona, pigeni picha. Gerejini dai karatasi ya kazi yenye kueleza ulichosema na kilichotengenezwa, na ukiona siku zinapotea, kumbuka swali la yule mama.

Kwa upande wa chama, wenzake walikutana baada ya sala ya Ijumaa. Katiba yao yasema anayechelewa hutozwa faini. Walikubaliana wiki zile mbili zisihesabiwe kuwa kuchelewa, na mmoja wao akachukua visheti vya mama yule akaviuza pamoja na vyake mpaka pikipiki iliporudi. Deni limebaki wiki kumi na moja. Kijana anabeba abiria wake, na kifaa cha simu kingali pale pale kwenye usukani, sasa kwa ruhusa ya mamake.

Allah atujaalie tuwe wakweli tunapouza na tunaponunua, na azibariki riziki za wajane wetu na mayatima wetu. Wabillahi tawfiq.