Vijiji Sita vya Kongwa

Mwanafunzi wangu aliandika kwamba kunawa uso "kunaondoa" trakoma, yaani vikope, akitaja utafiti wa Kongwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995. Nikausoma upya pamoja naye. Vijiji vilikuwa sita: vyote vilipewa dawa ya macho, vitatu vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso. Katika hivyo vitatu trakoma kali ilipungua zaidi. Kwa trakoma ya kila aina, tofauti haikuwa ya kutegemewa. Ripoti yenyewe inayasema hayo. Sisi ndio tunaoyaruka.

Watoto walizidi elfu moja, lakini kilichopangwa kwa bahati nasibu kilikuwa kijiji, si mtoto, na vijiji sita ni vichache. Mwongozo wa CONSORT ulitoka mwaka 1996. Nyongeza yake ya mwaka 2004 ndiyo inayomtaka mwandishi abainishe jambo hilo.

Ofisa wa halmashauri ataniambia haya ni mambo ya wasomi. Lakini kiangazi, huku kwetu, maji hubebwa kichwani. Mama anayeagizwa atenge kopo moja kwa ajili ya uso wa mwanawe anastahili kuelezwa faida kwa kipimo chake.

Mwanafunzi alifuta neno lake, akaandika "huenda kunapunguza trakoma kali". Nikamwongezea alama mbili.